Inzi wa Manjano wa Mlima wa São Tomé

(Masomo ya Watu Wazima kwa Redio: Elimu ya Viumbe. Maneno ya somo hili yamepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, na kwa wale ambao hawakuwahi kulisikia.)

Leo tutasoma habari za mdudu mdogo sana, ambaye urefu wake ni kiasi cha milimita mbili hadi tatu tu. Najua wapo watakaosema, "Bwana huyu hana kazi. Tulidhani atatufundisha habari za ng'ombe au za mahindi, naye anatuletea inzi!" Vumilieni kidogo. Inzi huyu alikuwa na kesi, na kesi yenyewe inafaa kusikilizwa. Swali lilikuwa hili: je, ni kiumbe mpya ambaye hakuwa na jina katika vitabu, au ni yule yule wa zamani aliyebadili rangi? Tutawasikiliza mashahidi, nanyi katika vikundi vyenu mtaamua kama hukumu iliyotolewa ilikuwa ya haki.

Kwanza tumjue ni inzi wa namna gani. Ukiacha ndizi mbivu mezani kwa siku mbili tatu, utaona vijidudu vidogo vya rangi ya hudhurungi, vyenye macho mekundu, vinarukaruka polepole juu ya maganda. Watu wengi hudhani kwamba hao ni watoto wa inzi wakubwa wa jikoni. Sivyo. Inzi akishaota mabawa hakui tena. Mtoto wa inzi ni funza, hana mabawa wala miguu. Vijidudu hivyo ni watu wazima wa ukoo wao wenyewe, na wataalamu huuita ukoo huo Drosophila, jina la Kiyunani lenye maana ya "apendaye umande". Jina ni zuri, ingawa wanachopenda hasa ni matunda yaliyoanza kuchacha, na hamira iliyomo ndani yake.

Anayejulikana zaidi katika ukoo huo ni Drosophila melanogaster. Huyu alipewa jina mwaka 1830 na Mjerumani, Johann Meigen. Maana ya melanogaster ni "mwenye tumbo jeusi". Tafadhali shikeni sana maana hiyo, kwa kuwa tutarudi kwake. Mkimtazama dume kwa kioo cha kukuzia mtaona ncha ya tumbo lake ni nyeusi kama iliyochovywa katika wino. Inzi huyu ndiye aliyefugwa na Thomas Hunt Morgan wa Marekani ndani ya chupa za maziwa, akajifunza kwake jinsi tabia za mwili zinavyorithiwa kutoka kwa wazazi, hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Kwa hiyo msimdharau.

Sasa, huyo mwenye tumbo jeusi ana ndugu wa karibu sana, na wengi wao ni wenyeji wa Afrika na visiwa vyake. Hadi mwaka 1998 walijulikana wanane pamoja na yeye mwenyewe. Yuko wa Morisi. Yuko wa Kameruni. Yuko wa Shelisheli, ambaye hula tunda moja lenye sumu ya kuwaua ndugu zake wengine, naye hunawiri. (Huyo peke yake angetosha somo zima, lakini si leo.) Na yuko Drosophila yakuba, aliyeelezwa mwaka 1954 na Hans Burla, kutokana na inzi waliotoka Côte d'Ivoire. Huyu yakuba ameenea sehemu nyingi za Afrika, kusini mwa Jangwa la Sahara. Hupenda mahali palipo wazi: nyika, mashamba, kando ya makazi ya watu.

Ndugu hao wanane walifanana kupita kiasi. Majike yao huwashinda hata mabingwa kuwatenganisha. Madume hutambuliwa kwa viungo vyao vya uzazi, na kwa kuviona viungo hivyo haina budi kutumia darubini. Tena wote wanane, bila kubagua, walikuwa na weusi ule wa tumbo.

Basi sasa tuondoke huku kwetu mashariki, tuvuke bara zima mpaka pwani ya magharibi, tupande chombo kutoka Gaboni, twende baharini kiasi cha kilomita 250. Hapo tutakikuta kisiwa cha São Tomé. Ni kisiwa kidogo, ukubwa wake ni kama nusu ya Unguja, lakini Unguja ni tambarare na hiki ni mlima mtupu. Kilitokea baharini kwa moto wa volkano, wala hakikupata kamwe kuungana na bara. Kilele chake, Pico de São Tomé, kina mita 2,024 juu ya bahari. Wareno walifika huko miaka ya 1470 hivi, wakalima miwa, na baadaye kahawa na kakao, na nchi ikapata uhuru wake mwaka 1975. Huko chini, basi, msitu umekatwa na kupandwa kwa muda mrefu. Huko juu bado kuna msitu wa asili, wenye baridi, ukungu na mvua nyingi, na miti ya jamii ya mkuyu inayoangusha matunda yake juu ya majani yaliyooza.

Mwaka 1998 mtaalamu mmoja Mfaransa, Daniel Lachaise, aliyekuwa amewatafuta inzi hawa katika misitu ya Afrika kwa miaka mingi, alipanda mlima huo. Chini aliwakuta yakuba, kama ilivyotazamiwa. Juu aliwakuta inzi wa umbo lile lile na ukubwa ule ule, lakini wa manjano mwili mzima, madume kwa majike. Hakukuwa na weusi tumboni hata kidogo. Yaani katika ukoo ule wa tumbo jeusi alitokea mmoja asiye na tumbo jeusi!

Hapa ndipo kesi inapoanza, na hapa ndipo mtu mwenye haraka angeharibu kazi. Angesema, "Rangi ni nyingine, basi inzi ni mwingine," akampa jina, akaenda zake. Lakini rangi ni shahidi asiyetegemewa. Fikirini kuku wenu. Yuko mweusi, yuko mweupe, yuko wa madoadoa. Yuko kishingo asiye na manyoya shingoni, na yuko kuchi mrefu wa miguu. Mgeni asiyewajua angeweza kuandika majina matano. Nasi tunajua kwamba hao wote ni kuku, maana ukimweka jogoo kuchi pamoja na koo kishingo utapata vifaranga, na vifaranga hao wakikua watataga na kuangua. Huo ni uzao mmoja wenye sura nyingi.

Uzao wa namna hiyo, wenye kuzaana wao kwa wao na kujitenga na wengine, wataalamu huuita spishi. Liandikeni neno hilo: s-p-i-s-h-i. Nalitumia kwa sababu neno letu "aina" lina kazi nyingi mno. Twasema aina ya kitambaa, aina ya mchele, aina ya kuku. Spishi ni zaidi ya aina. Kwa hiyo swali la Lachaise na wenzake halikuwa kama inzi hawa ni aina nyingine, maana hilo kila mwenye macho aliliona. Swali lilikuwa kama ni spishi nyingine.

Wakaviangalia viungo vya uzazi vya madume. Wakawatumbua funza na kuzitazama kromosomu, yaani vijiuzi vinavyobeba urithi, ambavyo katika tezi za mate za funza wa inzi hawa ni vinene hata vyaonekana vizuri. Wakalinganisha na jeni. Mashahidi hao wote walisema jambo moja: inzi wa manjano ni ndugu wa karibu kabisa wa yakuba, karibu kuliko wote, lakini hakuwa yakuba.

Kisha likaja jaribio la chupa, nalo ndilo ninalotaka mlisikilize kwa makini. Waliweka majike ya manjano pamoja na madume ya yakuba, na kinyume chake. Je, walizaa? Ndiyo, walizaa. Mtu aliyeketi upande wa pili wa baraza angesimama hapo na kusema, "Kesi imekwisha! Wamezaa, basi ni wamoja kama kuku wako." Ngoja, bwana. Mfano wa kuku hautoshi tena. Tuchukue wa punda na farasi. Punda dume akipanda farasi jike hupatikana baghala, mnyama hodari wa kubeba mizigo. Lakini baghala hazai, isipokuwa kwa nadra mno, na kwa sababu hiyo punda hubaki punda na farasi hubaki farasi. Kuzaa mtoto si hoja. Hoja ni kama mtoto huyo ataendeleza ukoo.

Na wale inzi chotara? Madume yao yote yalikuwa tasa, hata mama awe wa upande gani. Majike yao, hata hivyo, huweza kuzaa. Kwa hiyo ukuta ulio kati yao si kama ukuta wa punda na farasi. Una mlango mdogo uliobaki wazi. Naona ni heri kuwaambieni hivyo waziwazi kuliko kuwapeni mfano wa baghala na kunyamaza hapo. Mwalimu akiuachia mfano uendeshe somo mwenyewe, mfano humshinda.

Ushahidi wa mahali nao ulikuwa na uzito. Yakuba huishi chini, wa manjano huishi juu, na katikati, kuanzia kama mita 1,150 mpaka karibu na mita 1,450, wote wawili hukutana. Hapo hupatikana machotara wachache. Sasa tumieni akili. Kama ingekuwa ni spishi moja, wenye kuzaana bila kizuizi, tungetazamia rangi ichanganyike kidogo kidogo kadiri unavyopanda mlima, na mahali pa kukutania pajae inzi wa rangi ya katikati. Haiko hivyo. Wanakutana, wanakula tunda moja, na walio wengi sana hubaki kila mmoja na wake.

Lakini alikuwako shahidi mmoja aliyewapinga, naye hakufichwa. Ndani ya kila chembe ya mwili mna vitu vidogo viitwavyo mitokondria, vyenye urithi wao wenyewe, na urithi huo hutoka kwa mama tu, kama jina la ukoo katika makabila yanayofuata upande wa mama. Walipousoma urithi huo waliona kwamba wa inzi wa manjano na wa yakuba karibu ni mmoja. Tena hata wa ndugu wa tatu, Drosophila teissieri wa bara, ulifanana nao. Ingekuwa tunamsikiliza shahidi huyo peke yake, tungesema hao ni watoto wa mama mmoja waliotengana jana. Lachaise na wenzake waliliandika jambo hilo pamoja na mengine, wakatoa na maelezo yanayowezekana: inzi wa spishi zote tatu wana bakteria wa namna moja ndani ya miili yao, aitwaye Wolbachia, ambaye naye hupita kwa mama. Yamkini bakteria huyo, alipopenya kutoka spishi moja kwenda nyingine kwa ule mlango mdogo tulioutaja, aliuvuta urithi wa mama akaenda nao. Wakasema "yamkini". Mimi neno hilo katika maandishi yao nalipenda kuliko kurasa nyingi za hakika.

Mwaka 2000 hukumu ikachapishwa mjini London, katika jarida la Royal Society: inzi wa manjano ni spishi mpya, na jina lake ni Drosophila santomea, yaani yule wa São Tomé.

Huenda mmoja wenu anauliza: jina hutolewaje? Haliandikwi tu mtu apendavyo. Kwa wanyama majina haya ya maneno mawili yanahesabiwa tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, na yana sheria zake za kimataifa. Jina lichapishwe hadharani. Lifuatwe na maelezo ya kiumbe, sehemu kwa sehemu, hasa yale yanayomtenga na jirani zake. Mchungaji aliyepotelewa na ng'ombe hasemi "nimepotelewa na ng'ombe mwenye pembe mbili"; husema pembe ya kushoto imepinda, na sikio lina alama. Maelezo ya inzi ni hivyo hivyo. Na jambo la mwisho, inzi mmoja aliyetumiwa katika maelezo hayo huchaguliwa kuwa shahidi wa kudumu wa jina, huhifadhiwa mahali salama, ili hata baada ya miaka mia mtu mwenye shaka aombe kumwona na kumpima upya. Maana yake ni kwamba jina ni dai, na dai hilo laweza kupingwa.

Na wako waliolichunguza. Mwaka 2005 wataalamu waliopanda mlima ule wakiwahesabu inzi kwa kila mwinuko walieleza ajabu moja. Mbali na machotara wa katikati, waliwakuta wengine karibu na kilele, mahali ambapo wazazi wa pande zote mbili karibu hawapo! Na walipoupima urithi wa madume hao, karibu wote mama zao walikuwa santomea. Sasa, maabarani ndoa ya jike wa santomea na dume wa yakuba ndiyo iliyo ngumu zaidi kupatikana. Kwa nini mlimani iwe kinyume, na kwa nini watoto wapande juu kuliko wazazi? Fumbo hilo lilichapishwa kama lilivyo.

Kuhusu rangi yenyewe, mwaka 2008 ilichapishwa kazi iliyoonyesha jinsi weusi ulivyopotea. Jeni moja inayohusika, iitwayo tan, ni nzima. Kilichoharibika ni sehemu ndogo iliyo kando yake, inayoiamrisha ifanye kazi tumboni. Mfano wake ni nyumba yenye umeme: taa ni nzima, lakini swichi ya chumba kimoja imekatika. Na swichi hiyo ilikatika zaidi ya mara moja katika ukoo huo wa mlimani. Kwa hiyo rangi, tuliyemkataa mwanzoni kama shahidi dhaifu, alikuwa na lake la kusema, ila baada ya wengine kusikilizwa.

Sasa nawauliza wale waliosema sina kazi: kuna tofauti gani inzi huyu akiitwa santomea au akiitwa yakuba wa manjano? Angalieni. Yakuba yuko nchi nyingi. Angekuwa ni yeye tu amebadili rangi, msitu wa juu ukikatwa leo tungepoteza rangi. Lakini santomea hajapatikana mahali pengine popote duniani ila katika mlima ule mmoja. Hupenda baridi, na joto ambalo yakuba hulistahimili humpunguzia uzazi. Wala hana pa kwenda, kwa kuwa juu ya kilele hakuna mlima mwingine. Wataalamu wamefikiri kwamba babu zao walikwisha kutengana zamani sana, kwa mamia ya maelfu ya miaka, na kwamba yakuba wa leo walikuja kisiwani baadaye, pengine kwa kuwafuata watu walipoufungua msitu kwa mashamba. Kila shamba lilipopanda mlima, yakuba naye alipanda. Mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo iliweka hifadhi ya msitu, iitwayo Obô, ambayo ndani yake umo mlima huo. Inzi si sababu pekee, bila shaka. Wako ndege na miti isiyopatikana kwingine. Lakini katika orodha ya vitu vya kulindwa hakiandikwi kitu kisicho na jina.

Tumefika kwenye zoezi la wiki hii. Kila kikundi kitafute chupa safi yenye mdomo mpana. Tieni ndani kipande cha ndizi iliyoiva sana. Viringisheni karatasi iwe kama faneli, tundu lake dogo likielekea chini, muiweke mdomoni mwa chupa. Iacheni kivulini siku mbili, inzi wataingia na kutoka itawashinda. Kisha waachieni wote, mzibe chupa kwa kitambaa chepesi, muitazame kila siku. Mtaona funza, halafu vifuko vya hudhurungi vimeganda kwenye kioo, na baada ya kiasi cha siku kumi kwa joto la pwani, inzi wapya. Andikeni tarehe ya kila jambo. Mwenye kioo cha kukuzia awatazame matumbo: wenye ncha nyeusi ya mviringo ni madume, wenye mistari na ncha iliyochongoka ni majike. Wahesabuni.

Mkishahesabu, mjadili swali hili na mwandike jibu katika mistari kumi: kama mngemkuta mmoja wa manjano katika chupa yenu, mngefanya nini kwanza? Majibu yaletwe kwa kiongozi wa kikundi kabla ya somo lijalo, ambalo litahusu nyuki na mizinga. Kwaherini.